Gari linakula mafuta: soma dalili kabla hujanunua plagi

Mwambie fundi wa Arusha au Moshi kwamba gari linakula mafuta, na uwezekano mkubwa utaondoka na plagi mpya, ea klina mpya na nozeli zilizooshwa. Vitu hivyo havina ubaya. Ila kwa hizi SUV ndogo zilizotoka Japani, RAV4, X-Trail, Escudo, Forester, Dualis, CX-5 na jamaa zao, chanzo mara nyingi kiko kwingine: kwenye safari zenyewe, kwenye breki inayoshika, au kwenye themostati ambayo fundi fulani aliitoa zamani na hakumwambia mtu. Ukitaka kukijua, angalia gari linakula wapi na lini. Mjini tu? Barabara kuu tu? Lilianza ghafla au polepole? Kila jibu linaondoa washukiwa kadhaa, na hakuna jibu hata moja linalohitaji ununue kifaa.

Linakula kiasi gani hasa?

Wengi wanaolalamika hawana namba. Wana kumbukumbu ya hela: "Zamani elfu hamsini ilinimalizia wiki." Hela haifai kuwa kipimo, kwa sababu EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo upya kila mwezi, na elfu hamsini ya leo huenda isinunue lita zile zile za mwezi uliopita. Mshale wa geji nao ni shahidi wa mashaka, nitaufikia mwishoni.

Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, uishie hapo. Mhudumu asiendelee kubanabana ili hesabu itimie elfu kamili. Weka tripu sifuri. Endesha maisha yako ya kawaida, ufikishe angalau kilomita 250, kisha rudi sheli ile ile, pampu ile ile, gari likiwa limeelekea upande ule ule, ujaze tena mpaka ijikate. Gawa kilomita kwa lita ulizojaziwa. Halafu rudia kwa tenki la pili, maana pampu inaweza kujikata mapema kidogo leo na kuchelewa kesho, na hiyo peke yake ni lita moja au mbili za uongo. Tenki mbili zikikaribiana, sasa una namba ya kuzungumza nayo.

Namba gani ni ya kawaida? SUV ndogo ya petroli ya lita 2.0 hadi 2.4, otomatiki, inayovuta tairi zote nne, yenye umri wa miaka kumi na kitu, kwa kawaida hutoa kilomita 7 hadi 9 kwa lita mjini, na 10 hadi 13 barabarani. CX-5 ya lita 2.0 huwa juu kidogo ya hapo. Ukipata 8 ndani ya Arusha kwa RAV4 ya 2.4, gari lako ni zima. Gari ndiyo liko hivyo. Ukipata 5, endelea kusoma.

Kinachowachanganya watu ni namba ya Japani. Matangazo ya magari ya mtumba huandika kilomita 12, 13, hata 14 kwa lita, na mnunuzi anadhani ameahidiwa. Magari ya kabla ya 2011 au hapo karibu yalipimwa kwa mtindo ulioitwa 10-15: gari liko maabara juu ya rola, kiyoyozi kimezimwa, mwendo wa juu kabisa kilomita 70 kwa saa, na wastani kilomita 22.7. Baadaye ukaja JC08, wenye kilele cha kilomita 81.6 na wastani wa 24.4. Hakuna mlima, hakuna tuta, hakuna magunia nyuma. Marekani, ambako makadirio yao yako karibu zaidi na maisha ya kweli, RAV4 ya kizazi cha tatu yenye injini ya 2.4 na tairi nne waliikadiria maili 22 kwa galoni, yaani kilomita 9 na kidogo kwa lita. Hiyo ndiyo ya kulinganisha na ya kwako.

Dalili: Moshi kwenda Arusha linakula, kurudi halili

Hii si hitilafu, lakini naiweka mapema kwa sababu imewapeleka watu wengi gereji bure. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko kwenye mita 800 na kitu. Macho hayaioni tofauti hiyo kwa sababu imetandazwa kwenye kilomita 80, ila injini inailipia. Kuinua gari la tani 1.6 mita 500 kwenda juu kunahitaji nishati ambayo, ukizingatia kiasi injini ya petroli inachopoteza kama joto, ni karibu lita 0.8 juu ya mafuta ya safari yenyewe. Kwa hiyo gari ambalo lingetoa 11 kwenye tambarare linaweza kuonyesha 12 likishuka kwenda Moshi na chini ya 10 likipanda kurudi. Ukipima upande mmoja tu, unajidanganya. Pima kwenda na kurudi.

Ukitoka Moshi kwenda lango la Marangu hesabu inakuwa kali zaidi: unapanda karibu mita 1,000, na kupanda huko peke yake kunameza lita 1.6 hivi. Kwenye safari ya kilomita 40 na kitu, lita 1.6 zinatosha kulishusha gari la kilomita 10 kwa lita hadi saba na ushee. Ongeza Desemba. Watu watano wametoka Dar, buti limejaa, kerio lina mizigo, kila mtu anakwenda nyumbani kwa Krismasi, na kule juu gari linatembea gia ya pili kati ya migomba. Wanaporudi Januari wanasema gari limeanza kula. Likiacha kula kufikia katikati ya Januari, mwache fundi apumzike.

Na kuna ule msemo kwamba Arusha gari linakula kwa sababu hewa ni nyepesi. Hewa ni nyepesi kweli, kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na pwani. Lakini injini ya nozeli hupima hewa inayoingia na kupunguza mafuta kulingana nayo, na gari lenyewe linasukuma hewa nyepesi zaidi mbele yake. Ukitembea mwendo wa utulivu, hakuna sababu ya mwinuko kukuongezea ulaji. Unachopoteza ni nguvu, kwa takriban kiasi kile kile, ndiyo maana kwenye kupanda unakanyaga zaidi na gia boksi inashuka gia mapema. Magari ya kabureta ndiyo yaliyokuwa yakipata shida ya mafuta kuzidi hewa yakipelekwa mlimani, na nadhani msemo ulizaliwa huko. Forester yenye turbo hata nguvu haipotezi sana.

Dalili: mjini linakula mno, barabara kuu liko sawa

Gari likitoa 11 kwenda Makuyuni na kurudi, kisha likatoa 6 kati ya Njiro na mjini, injini yako kimsingi ni nzima. Injini mbovu haiponi ikifika Kisongo.

Hesabu safari zako. Anayetoka Njiro kumpeleka mtoto shule, akapita sokoni Kilombero, akarudi nyumbani, akatoka tena saa nane, hufanya safari nne za kilomita chache, na injini inakuwa haijapata joto lake kamili katika karibu zote. Injini baridi hupewa mafuta mengi kwa makusudi, oili bado nzito, gia boksi nayo inachelewa kupanda gia. Asubuhi za Juni na Julai, Arusha ikiwa na nyuzi 12 au 13, kilomita mbili tatu za kwanza zinaweza kula mara moja na nusu ya kawaida, au zaidi. Dawa yake ni kuunganisha safari. Kuwasha gari dakika kumi likiwa limesimama ili lipate joto ni kuunguza mafuta kwa kilomita sifuri. Washa, subiri mzunguko utulie, ondoka taratibu.

Kisha foleni. Injini ya lita 2.0 ikisimama huku inaunguruma hula kati ya lita 0.7 na lita 1 kwa saa, na kiyoyozi kinasogeza namba hiyo juu. Kumsubiri mtoto nje ya shule nusu saa mara mbili kwa siku, kiyoyozi kikiwaka, ni lita nzima iliyokwisha bila tairi kuzunguka. Sanawari saa kumi na moja jioni unaijua mwenyewe. Anayekaa upande wa Usa River au Ngaramtoni na hana shughuli katikati ya mji, barabara ya mzunguko huwa ndefu zaidi kwa kilomita lakini nyepesi kwa mafuta. Jaribu kwa tenki moja, halafu uamue.

Hapo ndipo pia anapoingia mshukiwa ninayemtilia shaka kuliko wote.

Themostati

Ni kivalvu kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yanazunguka ndani tu mpaka yapate joto. Yakifika nyuzi 80 na kitu kinafungua, maji yanakwenda rejeta. Ikikwama ikiwa imefunga, gari linachemsha. Ndiyo sababu kuna mafundi ambao gari likichemsha mara moja tu, hatua yao ya kwanza ni kuitoa na kuitupa. "Huku kwetu baridi, bosi, haina kazi." Gari linaacha kuchemsha, mteja anafurahi, na kuanzia siku hiyo injini haipati tena joto lake. Kompyuta ya gari, ikisoma nyuzi 65 au 70, inaendelea kuamini kwamba asubuhi haijaisha na inamwaga mafuta ya injini baridi mchana kutwa. Na kwa kweli ni kinyume na huo msemo: mahali penye baridi ndipo themostati inahitajika zaidi. Dar, injini isiyo nayo inaweza kubahatisha kupata joto kwenye foleni. Hapa kwetu, Julai, haipati.

Kuipima hakuhitaji mashine. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, washa gari, ufungue boneti, uguse hosi ya juu ya rejeta, mbali na feni na mikanda. Inatakiwa ibaki baridi kwa dakika kadhaa huku injini ikipata moto, kisha ghafla iwe ya moto. Kama inapata uvuguvugu kidogo kidogo tangu dakika ya kwanza, themostati imekwama wazi au haimo. Dalili nyingine ziko ndani ya gari: hita inatoa hewa ya vuguvugu tu, au mshale wa joto unashuka unapoteremka mteremko mrefu kama ule wa kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu, kisha unapanda tena ukifika tambarare. Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana mshale, yana taa ndogo ya bluu ya maji baridi. Ikichelewa sana kuzimika, umepata jibu.

Themostati mpya ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kwenye mfumo mzima wa maji. Nunua yenye nyuzi zile zile za asili. Usikubali ya baridi zaidi kwa hoja kwamba italinda injini. Na kama gari lilichemsha hadi themostati ikatolewa, tafuta kwanza kwa nini lilichemsha: rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, pampu ya maji, kifuniko kisichobana, au gasketi ya silinda hedi. Ukirudisha themostati bila kujua hilo, utarudi kwenye mvuke ule ule.

Senza ya joto la maji ikifa inaweza kuleta ulaji huo huo hata kama themostati ni nzima, kwa sababu kompyuta inaamini senza. Mara nyingi utaona gari likisumbua kuwaka likiwa la moto, likitoa harufu ya petroli.

Dalili: mjini sawa, barabara kuu linakula

Angalia juu ya gari. Kerio tupu linalobaki hapo mwaka mzima kwa sababu kulitoa ni kazi, ndilo la kwanza. La pili ni mguu wako. Ukinzani wa hewa kwa kila kilomita hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 110 unakaribia kuuzidisha mara mbili, na SUV, hata ndogo, ina kifua kipana kuliko Corolla.

Barabara ya Arusha na Moshi ina tabia yake. Usa River, Kikatiti, Boma Ng'ombe, Kwa Sadala, kila baada ya muda kuna kibao cha 50, matuta, na mara nyingi askari na tochi yake. Kulirudisha gari la tani 1.6 kutoka 50 hadi 90 kunagharimu kama mililita 36 za petroli, karibu kikombe kimoja cha kahawa ya kijiweni. Mara 20 kwenda tu, ni lita 0.7. Anayekimbilia 110 kati ya vibao kisha akafunga breki kwa nguvu analipa zaidi ya hapo na anafika Moshi dakika chache kabla ya yule aliyetulia kwenye 80 na akawa anauachia mguu mapema, gari likijiendea. Ukiuachia mguu huku gari likiwa kwenye gia, nozeli zinafunga kabisa. Usiteremke ukiwa nyutro: injini inabidi inywe ili isizime, na breki zinabaki peke yake.

Kisha gia boksi. Kwenye otomatiki za zamani kuna kitufe cha O/D pembeni ya gia. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, taa ya "O/D OFF" inawaka na gia ya mwisho haiingii. Watu wameendesha hivyo hadi Dodoma. Kama taa haiwaki lakini ukiwa 100 injini inazunguka zaidi ya kawaida yake, huenda gia ya mwisho haiingii au konveta, kiungo kati ya injini na gia boksi, haijifungi, na hapo angalia kiwango na rangi ya haidroliki, yaani oili ya gia boksi, kabla ya chochote. X-Trail na Dualis nyingi zina CVT, gia boksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, ambayo inadai oili yake maalumu. Kuwekewa haidroliki ya kawaida ni kosa linaloonekana kwanza kwenye mafuta, kisha kwenye gia boksi lote.

Kuhusu tairi nne: X-Trail inakuachia uchague kwa kirungu, 2WD, AUTO au LOCK, na kwenye lami kavu 2WD inatosha. RAV4 za kizazi cha pili zenye tairi nne huvuta nne muda wote, hakuna cha kuzima. Usihangaike nazo.

Dalili: linakula kila mahali, na lilizidi polepole

Huku ndiko plagi zinakohusika kweli, pamoja na ea klina iliyojaa vumbi, senza ya hewa yenye ukungu wa vumbi na oili, na senza ya oksijeni iliyochoka. Hii ya mwisho haifi kwa kishindo. Inazidi kuwa mvivu, na kompyuta inazidi kubahatisha. Taa ya injini inaweza isiwake kwa miezi.

Lakini kabla ya injini, shuka kwenye tairi. Upepo hupimwa asubuhi, tairi zikiwa baridi, kwa namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, mara nyingi 30 hadi 33. Vijana wa kujaza upepo hupenda kuuliza "ngapi, bosi?" na kuweka wanachoamini wao. Tairi zenye 24 zinaonekana kwa macho kama nzima, hasa hizi za sasa zenye ukuta laini.

Umebadilisha saizi ya tairi? Kutoka 215/70R16 kwenda 235/70R16 gari linapanda na linapendeza, lakini kipenyo kimekua kwa asilimia 4. Odometa sasa inahesabu kilomita 100 wakati umetembea 104. Ulaji unaonekana kupanda kwa asilimia 4 kwenye karatasi tu. Ule uzito wa tairi za matope na meno yake ndio unaoongeza ulaji wa kweli juu yake.

Halafu breki. Tope la Uru na Kibosho wakati wa masika, likifuatiwa na vumbi la kiangazi, hukausha pini za kalipa mpaka pedi haziachii. Dereva hahisi kitu isipokuwa gari kuwa zito kidogo. Tafuta mahali penye mteremko mdogo sana, weka nyutro, achia breki: gari zima huanza kutembea lenyewe. Au tembea kilomita kumi barabara nyoofu bila kufunga breki sana, simama, upitishe mkono karibu na kila ringi bila kuigusa. Ringi moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, umeipata. Piga jeki, zungusha tairi kwa mkono kuthibitisha. Kazi ni kusafisha pini na kuzipaka grisi inayostahimili joto, na mara nyingi pedi zenyewe bado zinafaa. Beringi ya tairi na alaimenti vitajitangaza, kimoja kwa mvumo, kingine kwa tairi kulika upande.

Na masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosti. Yakiziba, gari linakosa nguvu kwenye kupanda na linakula. Yakiwa yametolewa na kuuzwa, kama ilivyo kwa magari mengi, senza ya nyuma inalalamika, taa ya injini inawaka kwa namba ya hitilafu P0420, na mwenye gari anazoea kuiona. Ulaji unaweza usibadilike sana. Hasara kubwa ni kwamba siku tatizo la kweli likija, taa ilikuwa inawaka tayari na hutajua.

Mashine ikiitwa

Kidude cha OBD2 cha bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, pamoja na simu vinatosha kwa hatua ya kwanza. Ukipata P0128, ni injini isiyopata joto: rudi kwenye themostati. P0172 inasema mafuta yamezidi hewa. Tafuta nozeli inayovuja, presha ya mafuta iliyo juu, senza ya hewa inayosema uongo. P0171 ni kinyume chake, hewa imezidi, mara nyingi hosi iliyopasuka au senza ya hewa iliyochafuka. P0300 na ndugu zake ni silinda isiyochoma, na hapo plagi na koili zimestahili zamu yao. Hata bila namba yoyote ya hitilafu, soma joto la maji baada ya dakika 20 barabarani. Chini ya 75 si sawa. Soma pia marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim): yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, kompyuta inamudu, na kuosha nozeli hakutakuletea kilomita zozote.

Dawa za chupa za kumimina kwenye tenki, sumaku za bomba la mafuta, vidude vya kuchomeka kwenye tundu la kiwashia sigara: pita mbali.

Dalili: lilianza ghafla, wiki hii

Kitu kimoja kimebadilika, kwa hiyo uliza kilichobadilika. Gari limetoka gereji? Angalia hosi iliyosahaulika na ea klina isiyokaa vizuri. Betri ilichomolewa? Kompyuta inajifunza upya, ipe tenki moja.

Harufu ya petroli asubuhi, au doa chini ya kiti cha nyuma upande wa tenki, huo ni uvujaji na hausubiri kipimo cha tenki mbili. Usiwashe. Mwite fundi aje gari lilipo.

CX-5 ya dizeli ina ghafla yake. Chujio la masizi kwenye ekzosti hujisafisha kwa kumwaga dizeli ya ziada ili lipate joto, na safari fupi za mjini zinakatiza zoezi kila mara, linaanza upya kila mara. Ulaji unapanda, na dizeli inachuruzika hadi kwenye oili: ukiona kijiti cha oili kinaonyesha kiwango kimepanda badala ya kushuka, ndiyo hiyo. Lipeleke barabara kuu nusu saa na zaidi bila kusimama, kisha badilisha oili. Kama maisha yako yote ni Sakina na Mnara wa Saa, gari hilo halikuwa lako.

Dalili: mshale unashuka haraka, lakini hesabu iko sawa

Tenki za SUV nyingi hazina umbo la boksi; zimepinda kupisha shafti, na nusu ya juu kwenye mshale huenda isiwe nusu ya lita. Boya linalochoka nalo linaruka. Anayenunua ya elfu kumi kumi anaishi sehemu ya chini ya geji, ambako mshale ni mwoga zaidi, na pampu iliyo ndani ya tenki, inayopozwa na mafuta yenyewe, inakaa nje ya mafuta hayo. Hesabu ikisema 9, amini hesabu.

Ikiwa hesabu inabadilika ukibadilisha sheli, hapo kuna la kuangalia. Weka tenki mbili kutoka sheli moja, tenki mbili kutoka nyingine, njia zile zile. Linganisha pia na kitabu cha gari: tenki la lita 60 lililokuwa na robo halipokei lita 55. Pampu iliyohakikiwa hubandikwa stika ya Wakala wa Vipimo. Itafute kwa macho kabla hujajaza. Tofauti ikijirudia, usigombane na mhudumu, hana anachoweza kubadilisha. Kusanya risiti za EFD, zina lita na tarehe, uzipeleke ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa. Wao ndio wenye kipimo cha kwenda kuipimia pampu hiyo pale pale ilipo.